Mifuko ya Nyuma

Mara ya kwanza Nambozo aliipunguza suruali yangu akicheka,
pini mdomoni, kicheko kikimtokea puani.
Nilikuwa nimeanza na kilo mia moja na nne,
na kijana wa mizani nje ya soko la Jinja
alinitoza shilingi mia mbili kila Jumamosi
kunisomea namba kwa sauti, kama karani wa kura.

Mara ya pili hakucheka. Alipima, akaandika, akapima tena.
Nilikuwa nimeacha chapati za asubuhi, soda, wali wa usiku.
Njaa ilipobisha hodi saa nne
nilijua kumjibu kupitia dirishani:
mwenyewe hayupo.

Tisini. Themanini na sita. Themanini na moja.
Nilizipenda zile namba, sikufichi.
Hakuna aliyeniambia kuwa ngazi ile
haina mlango chini.

Walukuba, nyuma ya gereji, Ocitti ana vyuma vyake:
ekseli ya lori, makopo ya rangi yaliyojazwa saruji,
benchi lililoazimwa kanisani na halijarudi.
Mwezi wa tatu niliinua makopo manane.
Mwezi wa nane, matano,
na mikono ikinitetemeka kama ya mwizi wa mara ya kwanza.
"Kuni zilikwisha," akasema Ocitti. "Sasa unachoma milango."

Sikumsikia. Nilikuwa na namba yangu, sabini na tano.
Kwa nini sabini na tano? Sijui.
Ilikuwa na sura ya kufika.

Kwenye msiba wa Bugembe shangazi alinishika kifundo cha mkono,
akakizungushia vidole viwili. Vikakutana, nafasi ikabaki.
Hakusema kitu.
Kesho yake alileta supu ya kongoro,
na keshokutwa kikaratasi kilichokunjwa mara nne,
jina la muuguzi anayetunza siri.

Nilicheka. Kisha maji yakakatika mtaani,
nikapanda ngazi na dumu la lita ishirini,
na Waiswa, miaka kumi na mmoja, akasema,
"Baba, lete nikusaidie."
Nikampa.

Nikampa, na sikumtazama usoni hadi jioni.

Mara ya tatu Nambozo aliigeuza suruali, akaniita nione.
Mifuko ya nyuma ilikuwa imesogeleana kwenye mshono
kama macho ya mtu mwenye hasira.
"Nikipunguza tena, Isabirye, mkono wa kulia
utaingia mfuko wa kushoto. Kitambaa kina mwisho.
Sema unataka kuwa nani, nimshonee yeye."

Sabini na nane. Zilibaki tatu tu.
Usiku ule nilikaa mbele ya katogo, maharage, mchuzi wa karanga,
nikaogopa sahani kama mtoto anavyoogopa sindano.
Nikila, yule mpangaji wa zamani
si atarudi na godoro lake?
Naigaga hakunibembeleza. Aliweka yai,
akaweka la pili,
akaenda kusugua sufuria iliyokwisha kuoshwa
ili nisile mbele ya shahidi.

Nilikula. Polepole, kama mtu anayelipa deni kwa noti ndogondogo.
Nililala bila kuota mkate.

Jumamosi nilipita upande wa pili wa barabara.
"Mteja!" kijana akaita, akiifuta mizani kwa shati lake.
Mwezi ujao, nikamwambia, na mimi mwenyewe
sikujua kama namdanganya.

Nambozo sasa ananikatia shati.
"Mabegani niache nafasi?"
Acha.
"Kiasi gani?"
Nikafikiri juu ya Ocitti, jana, na makopo sita,
la sita likipanda upande mmoja kwanza, kwa matusi.

Vidole viwili, nikasema.
Tuanze na vidole viwili.