Kichupa cha Dozi Kumi

Wiki iliyopita msimamizi alipanda huku Uru kutoka mjini,
dodoso la kurasa nne, kalamu sikioni.
Nikajibu nimesimama, kama mtoto wa darasa la tatu:
nyuzi mbili hadi nane.
Pentavalenti, paja la kushoto.
Surua-rubela ikishachanganywa, saa sita, kisha imwagwe
hata kama imebaki tele.

"Na chanjo ya pepopunda ikiganda?"
Nikacheka. Mtu wa Uru aulizwe habari za barafu!
Ya Kibo tunawaringishia wageni;
ya ndani ya kichupa ni msiba.
Unakitikisa, unakiweka, unangoja.
Mashapo yakikimbilia chini, hiyo si chanjo tena,
ni maji yenye jina.

Alama tisini na sita.
Akaandika "vizuri sana", akamaliza chai yangu, akashuka.

Hakuuliza habari za Ndeanka.

Mwezi wa nne, masika imeulowesha mlima mpaka mifupani,
alikuja na Aikaeli, miezi tisa na siku mbili,
kadi ameifunga kwenye mfuko wa sukari isilowe,
yeye mwenyewe chapachapa.
Benchi zima lilikuwa lao.
Nikatazama kichupa: dozi kumi.
Nikatazama mtoto: mmoja.
Ukutani karatasi, mwandiko wangu mwenyewe:
FUNGUA HATA KWA MTOTO MMOJA.
Nikasema, "Mama, rudi Alhamisi, tukiwa wengi."
Nilisema kwa upole. Hilo ndilo linaloniuma.
Nilihesabu matone, sikuhesabu mteremko.

Alhamisi hakuja. Wala iliyofuata.
Kwenye rejista kisanduku chake ki wazi
kama pengo la jino, na ulimi hauachi kulirudia.

Leo Jumanne, si siku ya wengi,
ameingia Elinami, fundi baiskeli, binti mgongoni
kwa khanga ya mkewe aliyelazwa.
Anaomba radhi kwa kuja peke yake!
Nikanawa mikono.
Nikakagua kimraba ndani ya duara: bado cheupe.
Nikafungua, nikachanganya, nikaandika saa: tatu na robo.
Nikamweleza: homa kidogo, labda vipele,
usipake kitu, mrudishe akitimiza mwaka na nusu.
Sindano sikuifunika, ikaenda moja kwa moja sandukuni.
Mtoto akalia kilio kirefu cha mwenye mapafu mazima.

Zimebaki dozi tisa.
Wajawazito wamekwisha saa sita,
nimemwachia Anaeli funguo na dawati,
kichupa nimekilaza kwenye kibebeo, barafu pembeni,
nikavaa buti za mvua.

Saa tisa na robo nitamwaga kitakachobaki, bila kujuta.
Ila kwanza nimemsimamisha kijana wa maziwa
anieleze: kwa Ndeanka
ni njia ya mfereji,
au ile inayopanda nyuma ya kanisa?