Hodi Kitovuni

Saa kumi na moja alfajiri mabomba yanaanza kukohoa.
Ni Jumanne, siku ya maji, na mimi natakiwa kuinuka:
kwanza ubavu, kisha kiwiko, kisha Mungu wangu,
ndipo nikae. Ndoo saba zinangoja midomo wazi.
Mwadime ameamka kabla yangu. Amesimama kando ya kitanda
kashika ndala zangu, ya kushoto kwa mguu wa kulia,
anazisukuma kwenye miguu ambayo sijaiona tangu Mei.
"Vaa," ananiamuru.
Navaa hivyo hivyo.

Ana miaka miwili na miezi miwili. Anajua maneno ya kutosha
kuendesha nyumba: toa, leta, yangu, tena, ndege.
Ndege ni njiwa wa dirishani anayekula wali wetu wa jana.
Ndege ni ile inayoshuka Embakasi na kutikisa vikombe.
Na juzi tumbo lilipocheza chini ya kiganja chake
alitoa macho, akanong'ona: ndege.
Sikumsahihisha.

Tunaishi ghorofa ya nne. Vidato ni arobaini na vinane;
yeye huhesabu moja, mbili, tano, tano, tano,
na kila tano ya tatu tunapumzika. Mlangoni kwa Mama Nyevu
tunaulizwa kila siku kama ni leo.
Mimi najibu bado. Mwadime anajibu leo.

Nilidhani hanioni nikitafuna odowa,
ile ya shilingi kumi, jikoni, mgongo nimeugeuza.
Lakini mchana alirudi kutoka kwenye maegesho
mifuko imemlemea, akanipangia mapajani
kokoto tisa, zimeoshwa kwa mate.
"Kula, mama."
Nikazila zote kwa mdomo mtupu, njam, njam,
naye akikagua kila moja kama nimeimeza sawasawa.

Alhamisi alitia chungwa ndani ya sweta,
akashika kiuno, akatembea kama mimi kutoka kochi hadi mlango:
"Aii, mgongo."
Mwakio, baba yake, alicheka hadi chai ikampalia.
Mimba hiyo aliibeba asubuhi nzima,
akakataa kuinama, akakataa kuokota vitu vyake.
Saa saba njaa ilimshinda. Akajifungua papo hapo,
akanipa nimmenyee mwanawe,
tukamla nusu kwa nusu. Mbegu aliniachia mimi.

Kitabu cha kliniki kina mstari wa uzito wangu
ambao ameumalizia kwa kalamu ya zambarau:
umepanda, umepinda, umetoka nje ya ukurasa.
Muuguzi aliutazama kwa muda.
"Huyu amekuona vizuri," akasema, akapiga muhuri juu yake.

Sisemi kwamba hakuna siku mbaya.
Jana nililia kwa sababu ya kitunguu
ambacho kilikuwa bado hakijakatwa.
Mwadime akaketi sakafuni akalia pia, kwa kuniunga mkono,
tukalia hadi tukasahau nani alianza,
na wali ukaungua, na tukaupenda ukoko.

Sasa ni usiku wa Julai, baridi imeingia hadi kwenye vijiko.
Anapanda kitandani, anainua fulana yangu,
anabonyeza kitovu kilichotokeza kama kitufe cha kengele.
"Hodi."
Anasubiri, sikio limeelekea ngozi.
"Hodi!"
Kisha, kwa kuwa mwenyeji ni mzito wa kujibu,
anabadilisha sauti, anajikaribisha mwenyewe: "Alibu."
Analaza shavu. Usingizi unamchukua kuanzia vidole vya miguu,
na katika kuzama anarusha teke moja,
na kutoka ndani teke linarudishwa.

Mimi ni ukuta tu wa wapangaji wawili
ambao hawajaonana bado,
wanaogongeana usiku
kuulizana kama maji yamekuja.