Asifike

Laki tatu za riyali, ulisema, Thuweni,
ukaipiga meza hadi vikombe vikaruka.
Laki tatu, kwa mguu mmoja wa kushoto!
Nikauliza: na ule wa kulia mmetiliwa nyongeza?
Wakacheka barazani. Kiyoyozi cha ghorofa ya juu
kikinidondokea begani, tone, tone,
Mabela, Alhamisi usiku, chapati za jibini zimeshapoa
na Humud anabishana na simu yake juu ya penalti ya juzi.

Wewe wa Mnara.
Mimi wa Mkunazi. Sikuchagua; nilizaliwa
nyuma ya goli lao, enzi uwanja ni changarawe
na kuanguka ni kuacha ngozi.
Ndugu kwa mama zetu, maadui kwa dakika tisini
na zile za nyongeza.

Ukasimama. Ukakohoa kama imamu. Ukatupa ubeti,
maana babu yako wa Pemba alikuwa malenga
na hujaacha kutukumbusha:

    Mkunazi una nini, ila hiyo miba yake?
    Kocha yuko kibandani, auza sambusa zake,
    Jezi mwashona nyumbani, kwa uzi wa wanawake,
    Mpira ni mfukoni, mwenye pesa asifike!

Baraza zima likapiga makofi, hata Kutti muuza chai
asiyejua Kiswahili ila "sukari kidogo".
Mimi nikaling'ang'ania neno lako la mwisho.
Asifike? Mwenye pesa asifike: asifiwe,
au asifike anakokwenda?
Chagua, binamu. Malenga kajifunga goli.

Lakini ya jezi ni kweli. Mama ndiye aliyeshona nembo,
ishirini na mbili, miwani puani,
na ya kipa akaishona kichwa chini, mti mizizi juu.
Kipa akafungwa matano. Tukamlaumu mama.

Halafu ukaniuliza habari ya chupa.
Nikajifanya napuliza chai.
Mti wenye matunda ndio upigwao mawe, husemwa,
ila siku ile mti wetu ndio uliorusha:
chupa ya laban, nusu imejaa, ikampata mshika kibendera
sikioni, mtu mzima, mwalimu wa hesabu wa mwanangu.
Akafuta shavu jeupe, akaendelea kukimbia na mstari wake.
Watu elfu mbili, hakuna aliyeona.
Sinywi laban tangu siku ile. Nasingizia tumbo.

Nikageuza maneno, kama beki anayetoa mpira nje:
Na nyinyi? Mashabiki wa kukodi!
Mabasi matatu ya vibarua kutoka kambini,
fulana ya buluu, biriani ya kuku, riyali mbili,
na mtu wa kuwaonyesha lini washangilie.
Wengine walishangilia goli letu!
Hukukana. "Ngoma ni ngoma," ulisema,
"haiulizi mkono wa nani."

Ila hili sijakwambia, Thuweni.
Jumatatu ile mlipofungwa manne, mdhamini kanuna,
mabasi hayakuja, biriani haikuja,
na wewe ulitoka dakika ya sitini kuwahi foleni ya magari,
mimi nilikuwepo.
Nilikuja kuufurahia msiba wenu.
Jukwaa lenu tupu kama duka linalohamishwa,
na juu kabisa, peke yake,
Shafikul fundi rangi, aliyepaka ukuta wa kwangu,
fulana ya buluu imepauka kwa kufuliwa,
anapiga kiti cha plastiki kwa viganja
akimwita yule wa mguu wa kushoto kwa jina,
jina lenyewe analikosea.

Nikapanda. Nikamuuliza nani kamlipa.
Akanitazama kama niliyemuuliza
nani anamlipa kumkumbuka mamake.
Akasogea. Nikakaa.
Laki tatu zako zikapata mpira, goli wazi,
zikaupaisha hadi kwenye mitende ng'ambo ya ukuta.
Tukasema "aaah",
sote wawili, Mungu anisamehe.