Safu ya Saba

Tarehe ishirini na tano, saa nne asubuhi,
ghorofa ya pili, juu ya duka la taa, Ruwi.
Kiyoyozi kinakohoa. Nafungua jedwali la mishahara:
safu ya kwanza jina, ya pili namba ya kitambulisho,
ya tatu siku alizofika, ya nne, ya tano, nisikuchoshe.
Ya sita ni anachokatwa mtu.
Ya saba ni anachotoa tajiri juu yake,
kisichopita mkononi, kisichonusa pochi,
kinachokwenda moja kwa moja kulala Mfukoni
mpaka nywele za mwenyewe ziote mvi.

Bwana Hilali anaichukia safu hii kama jino bovu.
Kila mwezi huja kuegemea meza yangu na istikani ya chai:
"Thuwaiba, hizi ni pesa zangu au zao?"
Kila mwezi nanyamaza, maana sijui.
Mwaka huu alikuwa aniongeze riyali kumi na tano.
Akagusa kioo cha kompyuta kwa ncha ya kalamu:
"Nyongeza yako hiyo hapo.
Imetangulia uzeeni. Utaikuta."

Baba alifanya kazi miaka ishirini na sita
kwenye bohari ya saruji, kule Ghala,
kwa tajiri ambaye daftari lake liliishia safu ya tano.
Siku ya mwisho walimpa keki na saa ya ukutani.
Keki tuliila usiku ule ule.
Saa ilikufa kabla yake.
Mpaka anaingia kaburini alikuwa akinijia jikoni,
na Kiswahili chake cha Ng'ambo, sauti chini:
"Mwanangu, leo zipo riyali mbili za dawa?"
kama mtu anayeomba radhi kwa kuvunja kikombe.

Kwa hiyo siwezi kumwambia Hilali kwamba ana haki.
Ingawa, bili ya umeme ikiwa mezani,
usiku mwingine namwona ana nusu yake.

Kabla ya uchaguzi mgombea wetu alitandika mazulia Mabela,
kahawa, halua ya zafarani.
"Wazee wetu hawatatupwa!" Makofi.
Halijapoa hilo, akawageukia wenye maduka:
"Mzigo wa mwajiri tutaupunguza!"
Makofi yale yale, mikono ile ile.
Binamu yangu Ghaniya akaninong'oneza upande wa wanawake:
"Njia mbili zilimshinda fisi. Huyu ana miguu mingapi?"

Nilipiga kura kwa simu, jikoni,
mkono mmoja una kitunguu.
Nilimpa nani, sisemi.
Nilibonyeza nikiitazama ile saa ukutani.

Mstari wa thelathini na moja: Kilonzo, wa Kitui,
anaendesha folklifti. Safu ya sita, dashi. Ya saba, dashi.
Siku moja aliniuliza, kwa lugha ya mama yangu:
"Dada, hako kamstari kanasema nini?"
Kanasema huna kura hapa. Sikumwambia.
Nilimwambia, "Chako ni kiinua mgongo, siku utakayoondoka."
Akacheka mpaka akaushika ukuta.
"Kiinua mgongo! Dada, mgongo wenyewe unauma leo."
Hakuna aliyempelekea halua Kilonzo.

Na mstari wa kwanza? Huo sijamwonyesha mtu.
Hilali mwenyewe, cheo: meneja.
Safu yake ya saba imejaa, baisa kwa baisa,
haijawahi kuchelewa hata siku moja.

Narudi kwa Kilonzo. Mshale unapepesa ndani ya kisanduku chake,
pembeni ya dashi,
kama mtu aliyefika kaunta akasahaulika.
Nikiandika hata sifuri, mashine itaikataa.

Nabonyeza hifadhi.
Chini, dukani, taa zote zinawaka mchana kweupe,
na hakuna anayenunua.