Kadi ya Meza ya Nne

Kadi niliziandika mimi,
karani wa kamati, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka.
Usiku wa Utamaduni, bwalo la chakula, meza sita,
kila mgeni na bendera yake, kila bendera na sahani.

Sinyangwe wa Mpulungu aliuliza kwa upole
kama bendera ya kwao tumeipindua kusudi au kwa kutojua.
Kwa kutojua. Tukaigeuza.
Byamungu wa Kalemie alikuja na gitaa la nyuzi nne
na Kiswahili chake tunachokicheka
huku tukikiiga usiku, tukiwa peke yetu, kwa wivu.

Kadi ya nne: GODELIVA NIZIGAMA, BURUNDI.
Chini yake, kwa agizo la mwenyekiti,
*Mgeni wetu kutoka mbali.*

Mbali ni Rumonge.
Akiondoka Gungu alfajiri, mpaka wa Manyovu usipomkawiza,
jioni anaosha vyombo vya mama yake.
Mimi natoka Muheza. Siku mbili njiani, tatu treni ikigoma,
nashuka Kigoma miguu imevimba kama mihogo,
na sijawahi kuandikiwa kadi.

Kila mwaka yeye huenda Uhamiaji
na picha mpya, masikio yote mawili yaonekane.
Hurudi kimya. Huniazima rula.
Hupiga mstari chini ya neno *takwimu*
mara mbili, kwa nguvu, karatasi ikachanika.

Basi usiku ule, foleni ndefu kuliko zote ilikuwa kwake.
Vijana wa Dar es Salaam walionja, wakafumba macho:
"Ladha ya kigeni kabisa!"
Mgebuka kwa mawese.
Mgebuka wa Kibirizi, wa asubuhi ileile,
tuliokula Jumatatu katika bwalo hilihili
tukilalamika kwamba ni Jumatatu tena.

Akaonja mwenyewe. Akakunja uso.
Akageukia dirisha la jiko, bila kupaza sauti:
"Zana umunyu."

Na Mama Ntahondi, mtu wa Kasulu,
ambaye kwa miaka mitatu amenijibu "bado" na "kimekwisha,"
alitoa bakuli la chumvi ya Uvinza, kijivu, ya mabonge,
na juu yake sentensi ndefu
kuliko zote alizowahi kunipa zikiunganishwa.
Godeliva akajibu. Jiko zima likacheka.
Mshereheshaji akakimbilia kipaza sauti:
"Tutafsirieni! Jamani, tutafsirieni!"
Hakuna aliyemtafsiria.

Nilikuwa nimeshika gundi na kadi za akiba.
Umunyu.
Ulimi ulilijua kabla yangu.
Bibi, Magila, mkono ndani ya kopo tupu:
"Munyu umekwisha, mwanangu, kimbia kwa jirani."
Nilikimbia. Miaka yote ile nilikimbia na neno lile mdomoni
nisilidondoshe njiani,
hadi darasa la tano, insha yangu ya kwanza,
mwalimu akalikata kwa wino mwekundu.
*Chumvi,* aliandika pembeni. *Chumvi.*
Na nyumbani nikaanza kumsahihisha Bibi.

Kadi ya nne sikuichana. Mwenyekiti angeuliza.
Nilichukua sahani, nikapita nyuma ya bendera zote,
nikainama dirishani penye mvuke na harufu ya kuni mbichi.
"Munyu," nikasema, kwa sauti ya mtu
anayejaribu ufunguo wa nyumba iliyouzwa.

Mama Ntahondi alinitazama
kama wanavyotazama kule Uhamiaji:
picha, uso, picha tena.
Akachota kwa vidole vitatu.
Hakuitia kwenye sahani, alinitia kiganjani.
"Na wewe," akasema, "wa wapi?"

Nikafungua mdomo nijibu.
Nyuma yangu foleni ikasukuma.
Mtu akapiga kelele kwamba mgebuka unapoa.
Nikabaki nimekunja ngumi,
mabonge yakinichoma palipokuwa na mchubuko wa gundi,
nikihesabu kutoka Magila hadi dirisha hili
ni mipaka mingapi nimevuka
bila mtu kunigongea muhuri.