Msasa

Nililinunua kwa bei ya mbuzi wawili na deni,
yadi ya halmashauri, nyuma ya machinjio ya zamani,
Malindi ile isiyopigwa picha,
ambako serikali husahau magari
na magari hujifia yenyewe, polepole, kwa adabu.

Awadhi wa mnada alicheka hata kofia ikamvuka.
"La kuvunda halina ubani, Jefwa."
Nikamwambia ubani ninao:
petroli lita tano, betri ya kuazima,
na kichwa kigumu nilichorithi kwa mama.

Halikuwaka.

Mti wa mathenge ulikuwa umepenya sakafu,
tawi limetokeza dirishani
mfano wa abiria anayeaga.
Zamu ya daktari ilishikwa na kuku:
mayai saba juu ya machela.
Ndani ya king'ora, nyigu,
na walikuwa wakali kuliko king'ora.

Hapa kwetu upepo una chumvi.
Unagusa mlango kwa kidole, kidole kinatokea upande wa pili.
Tukakata, tukachomelea, tukajaza puti,
miezi minne, mimi na Dama mwanagenzi wangu,
msichana wa Muyeye anayeuliza maswali
yasiyo na spana ya saizi yake:
"Fundi, waliopona, walirudi kulishukuru?"

Kisha msasa. Namba themanini, na maji.
Nyeupe ya juu ilikuwa ya juzi, nyepesi, ya kuficha.
Chini yake nyeusi.
Nyeusi ya heshima, na msalaba wa dhahabu.
Dama akaacha kusugua. Akanawa mikono.
"Endelea," nikasema, ingawa mimi pia
nilikuwa nimeshusha sauti ya redio.
Chini ya nyeusi, rangi ya maziwa,
na msalaba mwingine, mwekundu.
Msalaba juu ya msalaba:
wa chini ulisema subiri kidogo,
wa juu ulisema basi.

Kumbe lilibadilishwa kazi, njia ikabaki ile ile,
Marafa, Mambrui, daraja la Sabaki,
kwanza likija na watu,
halafu likiwarudisha.

Habari zikatembea. Akaja Nyevu wa Marafa
na mkoba wake wa ukindu,
hakunisalimia, akapanda nyuma moja kwa moja.
Kona ile nilikuwa nimerundika vya kutupa:
zulia, waya, ukanda wa ngozi wa kufungia wagonjwa,
umetafunwa.
"Panya," nikamweleza.
Akaupitisha vidoleni, alama moja, alama moja.
"Panya huyu ni mama yangu," akasema.
"Alinizaa hapa, hatujafika darajani, mto umejaa,
hakutaka dereva amsikie.
Na nilipomrudisha nyumbani, mwaka ule,
jeneza lilikuwa hapa, magoti yangu hapa,
nikaushika ukanda huu njia nzima
ili asitikisike."

Sikuwa na la kusema.
Nilimpa kiti, na soda isiyo baridi.

Sasa limepakwa rangi ya maziwa.
Lakini karibu na mpini wa mlango wa nyuma
nimeacha nafasi ya kiganja,
rangi tatu zikichunguliana.
Ukanda umerudi mahali pake. Sikuupaka mafuta.

Jana lilikohoa, likatema mbegu za mathenge,
likawaka. Awadhi alilisikia toka mnadani,
akaja kivivu, mikono mgongoni, kutafuta kasoro.
Akaziona kasoro tatu. Akaondoka ameridhika.

Leo tumelipeleka likaandikishwe.
Fomu inauliza: matumizi ya gari.
Dama akaninyang'anya kalamu, akaandika:
kupeleka na kurudisha.
Karani akasoma, akavua miwani,
akasema gari la namna hiyo halimo kwenye orodha.
Turudi Jumatatu.