Nusu Sekunde

Mimi ndiye niliyeshika saa.
Meza ya pembeni, swichi moja, kidole kimoja,
miaka ishirini na sita katika ukumbi wa chuo kidogo
mjini Marquette, Michigan, ambako ziwa huganda
na theluji hupanda hadi kwenye vitasa vya milango.

Kocha Wendell Hautala hakuwa mtu wa hotuba.
Baba yake alichimba chuma huko Ishpeming,
naye mwana aliongea kama anayelipia kila neno.
"Miguu," angesema. Basi.
Na vijana warefu kama nguzo za umeme wakasogeza miguu.

Supu ya njegere kwenye chupa ya chai.
Soksi moja ya kijivu, nyingine nyeusi,
tangu usiku tulipowafunga Houghton kwa pointi thelathini.
Na kabla ya kila mechi alipiga deki uwanja mwenyewe,
kinyumenyume,
kama mtu anayefuta nyayo zake.

Aliwahi kuondoka, kabla sijafika mimi.
Chuo kikubwa cha Ohio, mshahara mara nne,
sura yake kwenye bango la barabara kuu.
Msimu mmoja tu, akarudi.
Nilipomuuliza alifikiri sana, kisha akasema:
"Kule walininyima dekio."

Tulibishana juu ya saa.
Mazoezi yeye aliyaita ya saa sita, mimi ya kumi na mbili,
giza lile lile, kahawa ile ile chungu.
"Nyie wa Morogoro mnahesabu tangu jua lichomoze," alisema.
"Hapa tukilingoja jua, hatutacheza."

Sasa niseme lile.

Fainali, Machi, ukumbini kwetu.
Tuko nyuma kwa pointi moja, zimebaki sekunde mbili.
Quarles, kijana wa Flint, anapokea mpira kwenye kona,
na kidole changu
kinangoja.
Si mimi. Kidole.
Nusu sekunde, pengine pungufu.
Mpira ukazunguka peteni, ukazama, king'ora kikafuata,
na mji mzima ukamwagika uwanjani na kofia zake za sufi.

Yeye hakuangalia kikapu. Aliniangalia mimi.
Akaja mezani akiwapita waliotaka kumbeba.
"Ulichelewa?"
Sikujibu. Mkono wangu ulitetemeka, ukajibu.

Kwetu husema cha mtu mavi.
Msemo ule hakuujua, ila harufu aliisikia.
Akamwendea mwamuzi. Wakarudisha mkanda, wakahesabu picha
moja moja, wameinama kama mafundi cherehani.
Kikapu kikafutwa. Sabini na moja kwa sabini.
Quarles akaketi sakafuni, jezi mdomoni.

Waandishi wakauliza nani alikosea.
"Saa ya zamani," Kocha akasema. "Inakwama."
Ndio uongo pekee niliowahi kumsikia akisema,
na aliusema vibaya, masikio yakimwiva.

Mwaka ule kinyozi alimnyoa bila kumsemesha.
Mtu alimwaga jivu kwenye gari lake.
Msimu mpya ulipoanza nilikuta mto juu ya kiti changu,
mto wa kitambaa cha maua, mkono wa Irja mkewe.
Hatukulizungumza tena.
Na fainali hatukuiona tena, si yeye, si mimi.
Ushindi mia nne kumi na nane, vipigo mia nne thelathini na kimoja:
ndivyo ilivyoandikwa kwenye kibao cha shaba
karibu na mashine ya soda.

Alhamisi huenda kumwona katika nyumba ya wazee.
Jina la Quarles limempotea, na la Irja siku nyingine.
Lakini mpira ukionyeshwa kwenye runinga
miguu yake husogea chini ya blanketi.

"Saa ngapi?" huniuliza.
Natazama ukutani. "Saa kumi," namwambia.
Hukunja uso, huanza kutoa sita
kwa vidole, kimoja, kingine, hupotea, huanza upya.

Namngoja.
"Nne!" husema, na hucheka kama aliyefunga.